Maswali na majibu ya mitambo: Kwa nini askari hukaa juu ya paa la gari la deraya?

*Shikamoo fundi. Niko Nachingwea, nafanya kazi kwenye gereji ya matrekta. Kwenye taarifa za vita naona magari ya minyororo yenye mzinga. Wenzangu wanasema ni vifaru, lakini yana milango nyuma, na askari wamejazana juu ya paa. Ni magari gani yale? Na deraya ni ya nini kama watu wanakaa nje? Halafu nimesikia yanaogelea. Lingeweza kuvuka Ruvuma?*

Marahaba, mwanangu. Mimi si mwanajeshi. Nimezeeka chini ya matingatinga hapa Mtwara, lakini pini, bushi na rola ni zilezile. Na huko kwenu habari ya minyororo ya vita si ngeni: kwenye ule mradi wa karanga wa Mwingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Vickers ilitengeneza matrekta ya kuleta Tanganyika kutokana na vifaru vya Sherman.

Wenzako wamekosea kidogo. Kifaru kimeundwa kupigana na vifaru. Hilo unaloliona ni gari la kupigania la askari wa miguu: linawabeba, linawashusha, kisha linabaki hapohapo kuwasaidia kwa silaha zake. Wajerumani wa Magharibi walianza mapema na HS.30 lenye mzinga wa milimita 20, lakini lililobadilisha mambo ni BMP-1 la Wasovieti, lililopokelewa jeshini mwaka 1966 na kuonyeshwa Moscow mwaka uliofuata. Wakati huo hofu kubwa ilikuwa bomu la nyuklia. Wakataka gari ambalo askari wangepita nalo kwenye ardhi yenye sumu bila kushuka, wakivuta hewa iliyochujwa na kufyatua bunduki kupitia matundu ya ubavuni. Tena liwe jepesi, livuke mito lenyewe bila kungoja daraja.

Hapo ndipo penye jibu lako. Ili gari lielee ni lazima liwe jepesi, na ili liwe jepesi chuma lazima kipungue. BMP-1 lina tani 13 tu na injini ya dizeli ya nguvu za farasi 300. Ubavu wake haufiki hata sentimita mbili. Unazuia risasi za bunduki za kawaida na vipande vya mabomu, basi. Ndani wamebanwa watu wanane, wanne kila upande, wamepeana migongo, na katikati yao kuna tangi la dizeli. Hata ile milango ya nyuma ina uwazi ndani yake, nao umejazwa dizeli. Siku ya kwanza kuona mchoro wake nilidhani mchoraji amekosea.

Sasa fikiria bomu la kutegwa ardhini linalipuka chini ya sakafu hiyo nyembamba. Aliye ndani hana pa kwenda. Aliye juu huenda akarushwa, akavunjika mguu, lakini akabaki hai. Askari wa Kisovieti walilipima hilo Afghanistan, wakapanda juu. Hasara yake ni kwamba risasi ikianza kulia, aliye juu hana kinga yoyote.

Vita vya 1973 kati ya Israeli na Misri na Syria vilionyesha kasoro nyingine. Mzinga wa milimita 73 haukuwa na masafa marefu, upepo ulipeperusha risasi zake, na kichwa kinachozunguka kilikuwa na mtu mmoja tu. BMP-2, la mwaka 1980, likaja na mzinga wa milimita 30 unaofyatua mfululizo, mdomo ukiinuka zaidi ya nyuzi 70, na watu wawili kichwani. BMP-3 likaongezewa mzinga wa milimita 100, ila injini ikahamia nyuma, kwa hiyo askari wanatoka kwa kupita juu ya injini. Hilo mimi silipendi.

Wamarekani walikuwa na Bradley mwaka 1981, lenye mzinga wa milimita 25 na makombora ya kupigia vifaru. Mwanzoni nalo lilielea. Walipozidi kulivisha deraya likapita tani 30, wakaachana na mambo ya maji. Puma la Wajerumani, likivaa deraya yake yote, linapita tani 40, na haliogelei kabisa.

Kwenye tope, mnyororo hauna mpinzani. Tairi la lori la korosho lililoshiba hukandamiza ardhi kwa kama kilo 7 kwa sentimita moja ya mraba. BMP-1 ni kama kilo 0.6. Lori likizama mpaka ekseli wakati wa kifuku, lenyewe linapita. Gharama unaijua mwenyewe: mnyororo unakula pini na mafuta kuliko tairi.

Kuhusu Ruvuma: BMP-1 halina panga la majini, yaani propela ya kulisukuma kama ya boti. Dereva anainua ubao wa mbele, anawasha pampu ya kutoa maji, na minyororo inapiga maji kama kasia, kilomita saba au nane kwa saa. Kiangazi, sehemu nyingi lingekanyaga mchanga tu. Mto ukijaa, magogo yanashuka na ng'ambo ni ukuta wa tope lililokatika, mimi nisingeliingiza. Minyororo ikishika tope laini huku nusu ya gari bado inaelea, inazunguka bure, na maji yanaanza kuligeuza ubavu.