Kunasa haidrojeni ndani ya C60: ugumu uko kwenye kufunga

Wengi wanaoanza kazi hii ya kunasa haidrojeni ndani ya C60 (molekuli ya atomi 60 za kaboni zilizojengeka kama kizimba) humaliza akili zao kwenye kuingiza: shinikizo kiasi gani, joto kiasi gani. Hilo lina jibu tayari. Panapouma ni kuziba kizimba bila kilichomo kuponyoka, kisha kuthibitisha kwamba kweli kimo.

Kwanza njia iendane na unachotaka kunasa. Metali kama skandi au lanthani hunaswa kizimba kikiwa kinajengeka, kwa kuunguza fimbo za grafiti zenye oksidi ya metali hiyo kwa tao la umeme ndani ya heli. Heli yenyewe inaweza kulazimishwa kupenya C60 iliyokwisha kukamilika, kwa nyuzi 650 hivi za Selsiasi na atm 3,000 (mara 3,000 ya shinikizo la hewa), lakini huingia kwenye takriban molekuli moja tu kati ya 1,000. Kwa haidrojeni, maji au methani, usihangaike na nguvu. Fanya upasuaji wa molekuli: fungua tundu kwa kemia, ingiza, ziba.

Kielelezo kizuri cha kujifunzia ni kazi ya Komatsu na Murata, Kyoto, 2005. Tundu lao lina pete ya atomi 13, na salfa iko ukingoni. Unga wa kizimba hicho ukikaa kwenye haidrojeni ya atm 800, nyuzi 200, kwa saa 8, karibu kila kizimba hujaa. Acha chombo kipoe kabisa kabla ya kufungua valvu. Ukiachia shinikizo kingali moto, haidrojeni inatoka kwa njia ileile iliyoingilia; hata nyuzi 160 zinatosha kuivujisha polepole. Na atm 800 si shinikizo la kujaribia kwenye chombo cha kawaida cha maabara.

Sasa kuziba. Oksidisha salfa kwa mCPBA (asidi ya kioksidishi) katika joto la chumba, kisha mulika kwa mwanga ili SO, yaani salfa na oksijeni yake, ing'oke. Pete inabaki na atomi 12. Hatua hii ya mwanga ndiyo inayokula mali, mavuno yake hayafiki nusu. Halafu titani tetrakloridi na zinki, nyuzi 80, huunganisha kaboni mbili za kabonili (zilizoshikana na oksijeni) na pete hushuka hadi 8. Kila kitu hapa kiwe kikavu, kwa sababu kloridi hiyo huharibika ikikutana na unyevu. Mwisho kabisa ndipo unapopasha unga kwa nyuzi 340 ndani ya ombwe, saa 2, ili kizimba kifungike kabisa. Usivuruge mpangilio huo: moto mkali unakuja tundu likiwa limeshakuwa dogo mno kwa haidrojeni kupita kwa urahisi. Hata hivyo tarajia sehemu ya vizimba vitupu, kama asilimia 9.

Kwenye spektra ya masi ndipo watu hudanganyika. Masi ya C60 tupu ni 720, yenye H2 ni 722. Lakini C60 tupu yenye kaboni-13 mbili (kaboni nzito kuliko ya kawaida kwa kimoja) nayo ni 722, na kilele chake hufikia takriban moja ya tano ya kile cha 720. Kwa hiyo linganisha uwiano wa vilele vyote, usishangilie kimoja. Maji yana mtego wake pia: H2O@C60 (maji ndani ya C60) ni 738, na oksidi C60O yenye kaboni-13 mbili inaangukia hapohapo.

Ushahidi usiopingika ni NMR ya protoni, kipimo cha sumaku kinachosoma ishara ya viini vya haidrojeni; mahali pa ishara hutajwa kwa ppm. Haidrojeni huru iko karibu na 4.5 ppm, ndani ya kizimba chenye tundu husomeka −7.25, na kizimba kikishafungwa huhamia −1.44. Maji yaliyofungwa ndani ya C60 yako karibu na −4.8.

Kutenganisha vitupu na vilivyojaa kunahitaji HPLC ya mzunguko (kromatografia ya kimiminika inayopitisha sampuli kwenye safu ileile mara nyingi), kwa kuwa tofauti yao kwenye safu ni ndogo sana. Tolueni huyeyusha miligramu 3 hivi tu za C60 kwa mililita; ukilazimisha zaidi, kilele kinatanuka na mizunguko yote inapotea bure. Vitupu hutangulia kidogo, kwa hiyo kata sehemu ya mbele ya kilele na uirudishe ya nyuma kwenye mzunguko.