Kupima viinitete baada ya miaka 40: tulivyofikia uamuzi

Nilianza matibabu ya kupandikiza mimba nikiwa na miaka 41, baada ya mimba mbili kuharibika, ya pili ikiishia kwa kulazwa na kusafishwa kizazi. Kwa hiyo daktari wetu jijini Nairobi alipouliza kama tungependa viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua maabara, vipimwe kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, kabla ya kupandikizwa, nilitaka kukubali hata kabla hajamaliza kueleza. Mume wangu akaomba tupewe siku tatu za kufikiri, na namshukuru, kwa kuwa ni katika siku hizo nilipoelewa kwamba kipimo hiki hakiboreshi yai wala hakitibu kiinitete. Kazi yake ni kuchambua vilivyopo, kama mtu anayepeta mchele, ambaye hawezi kutoa kwenye ungo punje asizozimimina.

Umri ndio unaolipa swali hili uzito. Mayai ya mwanamke huwamo mwilini mwake tangu hajazaliwa, na kadiri yanavyokaa ndivyo kromosomu zinavyozidi kukosea kugawanyika yai linapopevuka. Mwanamke anapokaribia miaka 35, takriban theluthi moja ya viinitete vyake huwa na kasoro ya idadi ya kromosomu. Akifika 40 huwa zaidi ya nusu, na akifika 43 huzidi robo tatu. Vingi kati ya hivyo havishiki kabisa, au hushika kisha mimba ikatoka.

Hata hivyo, kipimo chenyewe kina mipaka. Siku ya 5 au ya 6 baada ya yai kurutubishwa, mtaalamu wa maabara huchukua seli chache, kwa kawaida 5 hadi 10, kutoka tabaka la nje ambalo baadaye huwa kondo la nyuma, si kutoka kwenye seli zitakazokuwa mtoto, halafu kiinitete kinagandishwa wakati majibu yakisubiriwa. Vipo pia viinitete vyenye seli za mchanganyiko, nyingine salama na nyingine zenye kasoro, hali iitwayo mozaiki. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti watoto wenye afya waliotokana na viinitete vya namna hiyo. Utafiti wa China uliotolewa mwaka 2021, kwa wanawake zaidi ya 1,200 wenye miaka 20 hadi 37, haukuona waliopima wakipata watoto zaidi ya wasiopima. Mimi sikuwa wa umri huo, lakini ulinizuia kuamini kwamba kupima ni lazima kwa kila mtu.

Ushauri wangu ni kwamba usiamue kabla ya kujua una viinitete vingapi. Ukiwa na kimoja tu, mara nyingi naona heri kukipandikiza bila kukipima, kwa sababu hakuna cha kuchagua. Sisi tulipata vitatu. Swali lililobaki lilikuwa ni hasara ipi ningeibeba: kuhatarisha kiinitete kizuri kikataliwe kwa kosa la kipimo, au kupoteza mimba ya tatu pamoja na miezi ambayo umri wangu haukuniruhusu kuipoteza. Nikachagua kupima.

Uliza mapema, kabla ya sindano za kwanza, sampuli zinapelekwa wapi, gharama yote kwa maandishi, na kliniki hufanya nini na kiinitete cha mozaiki au kisichotoa jibu. Sisi hatukuuliza hilo la mwisho. Majibu yalipokuja kwenye karatasi moja, kiinitete cha kwanza kilikuwa salama, cha pili kilikuwa na kromosomu ya 16 zaidi, na mbele ya cha tatu paliandikwa mozaiki. Kile salama kilishika, na bado nilifanyiwa vipimo vya kawaida vya ujauzito, kwa kuwa kipimo cha viinitete hakichukui nafasi ya hivyo. Binti yetu ana miezi 9. Cha tatu kimegandishwa bado, na tunalipia hifadhi yake kila mwaka, kwa kuwa hatujaafikiana kukiacha.