Maswali ya Wasomaji: Seneta Cornyn na Hasira ya Wenye Bunduki

Safu hii hujibu maswali ya sheria na uraia kutoka kwa wasomaji wetu walioko nyumbani na ughaibuni. Majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka viungani mwa Houston, jimbo la Texas. Nimeishi Marekani miaka 22 na sasa ni raia. Ninamiliki bastola moja na bunduki mbili za kuwindia nguruwe mwitu, ambao mtu yeyote aliyewahi kulima huku hahitaji kuelezwa hasara yao. Mwanzoni mwa msimu wa kuwinda nilimpeleka mwanangu wa miaka 19 dukani kununua bunduki ya marisau. Alijaza fomu, akatoa kitambulisho, kisha tukaambiwa turudi nyumbani tukasubiri, ilhali mimi yangu ya kwanza niliinunua nikatoka nayo kabla kahawa niliyokuja nayo haijapoa. Muuzaji alisema tumshukuru Seneta John Cornyn, ambaye nimempigia kura kwa sababu alikuwa mtetezi wa haki yetu ya kumiliki silaha. Wenzangu ninaokwenda nao kulenga shabaha wanamwita msaliti, na wanasema sheria aliyoipitisha inamruhusu polisi kuja usiku kuchukua bunduki ya mtu kwa neno la jirani tu. Je, ni kweli? Na ikiwa si kweli, kwa nini watu wazima wenye akili zao wamekasirika kiasi hiki?

JIBU: Ndugu yetu wa Houston, umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo gumu. Tarehe 24 Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliingia Shule ya Msingi ya Robb katika mji wa Uvalde, jimboni kwako, akaua watoto 19 na walimu wawili. Bunduki alikuwa ameinunua kihalali, siku chache tu baada ya kutimiza umri huo. Siku kumi kabla yake watu 10 walikuwa wameuawa kwa risasi katika duka kubwa la vyakula mjini Buffalo, na aliyewaua naye alikuwa na miaka 18. Mitch McConnell, aliyekuwa akiwaongoza maseneta wa Republican, alimtuma Cornyn akazungumze na maseneta wa chama cha pili, cha Democratic, juu ya sheria mpya ya bunduki, naye akaketi na Chris Murphy wa Connecticut, Kyrsten Sinema wa Arizona na Thom Tillis wa North Carolina, ambaye ni wa chama chake. Tunadhani hakutumwa kwa bahati, kwa kuwa mtu aliyepewa na NRA, chama kikubwa cha kutetea wenye bunduki, alama ya juu kabisa alikuwa mwavuli mzuri kwa wenzake walioogopa kunyeshewa.

Mwavuli huo ulitoboka mapema. Tarehe 17 Juni, muswada ukiwa bado unaandikwa, Cornyn alipanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican wa Texas, huko huko Houston. Ukumbi ulimzomea muda wote wa hotuba yake, huku wajumbe wakipaza sauti kwamba hawataki sheria zile ziitwazo za “bendera nyekundu”, yaani za kumwondolea silaha kwa muda mtu anayeonekana kuwa hatari, naye akajitahidi kuwasomea juu ya kelele orodha ya mambo aliyoyakataa mezani: marufuku ya bunduki za mtindo wa kijeshi, marufuku ya magazini kubwa za risasi, na uchunguzi wa lazima wa mnunuzi kwa kila mauzo. Orodha ilikuwa ya kweli, lakini waliokuwa ukumbini walitaka kusikia alichokubali. Kabla mkutano haujafungwa wakapitisha azimio la kumkemea yeye na Warepublican wenzake waliokuwa kwenye makubaliano hayo. Hata hivyo Seneti iliupitisha muswada tarehe 23 Juni kwa kura 65 dhidi ya 33, Warepublican 15 wakiuunga mkono. Ted Cruz, seneta mwingine wa Texas, aliupinga. Kesho yake Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 234 dhidi ya 193, na tarehe 25 Rais Biden akautia saini.

Sasa tuje dukani. Fomu aliyoijaza mwanao ni ile namba 4473, na majibu yake hupelekwa kwenye mfumo wa FBI unaofanya kazi tangu mwaka 1998. Muuzaji husubiri kwenye kaunta apate jibu moja kati ya matatu: endelea, subiri, au kataa. Kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kama wewe, sheria ya 2022 haikubadilisha kitu hapo. Kwa aliye chini ya umri huo, wachunguzi sasa hulazimika kuuliza pia kumbukumbu za utotoni za makosa ya jinai na za afya ya akili zilizoko jimboni, pamoja na polisi wa mahali anapoishi. Wana siku tatu za kazi, na wakiona jambo la kufuatilia wanaweza kufikisha kumi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, kwa hiyo kijana asiye na kosa lolote anaweza kukaa wiki mbili akiitazama kalenda. Siku kumi zikipita bila katazo, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kumkabidhi bunduki yake. Muuzaji wenu, basi, alisema kweli, ingawa kumbebesha Cornyn peke yake mzigo wa kura 65 ni kumwonea kidogo.

Habari ya polisi wa usiku si ya kweli. Sheria ile ilitenga dola milioni 750 kwa miaka mitano ili majimbo yaendeshe mipango ya kuzuia maafa, na fedha hizo zinaweza kutumika kwa amri za mahakama za kumwondolea silaha kwa muda mtu anayeonekana kuwa hatari, au kwa mambo mengine kabisa, kama vile mahakama maalumu za waathirika wa dawa za kulevya na za wanajeshi wastaafu. Hakuna jimbo linalolazimishwa kuwa na amri hizo. Jimbo lenye amri hizo likitaka fedha ni lazima limhakikishie mwenye silaha haki ya kusikilizwa mbele ya hakimu, kuwa na wakili, na kutohukumiwa kwa ushahidi hafifu, na neno la jirani peke yake halifiki hapo. Texas haijawahi kuwa na sheria ya namna hiyo, na mwaka 2025 bunge la jimbo lilikwenda mbali zaidi likapitisha sheria ya kuzipiga marufuku.

Yapo mambo mengine mawili ambayo wenzako huenda hawayataji kwa sababu hayawagusi. Kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa kuimiliki, ukajifanya kwamba mnunuzi ni wewe, sasa ni kosa linalojitegemea katika sheria ya serikali kuu, na adhabu yake hufika miaka 15 gerezani. Vilevile mtu aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mpenzi wake hupoteza haki ya silaha kama anavyoipoteza aliyempiga mke, isipokuwa kwamba huyo wa mpenzi, ikiwa ni kosa lake la kwanza na hakurudia, hurudishiwa haki hiyo baada ya miaka mitano.

Lakini lipo eneo moja ambalo tunaona wenye bunduki wana hoja ya haki, nalo limejificha ndani ya maneno machache. Zamani sheria ilimtaka awe na leseni ya biashara mtu anayeuza silaha kwa lengo kuu la kujipatia riziki na faida. Sheria ya 2022 ililiondoa neno la riziki ikabakiza faida. Cornyn na wenzake walisema wanaziba mwanya tu wa wafanyabiashara wanaojificha. Mwezi Aprili 2024 idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ATF, ilitoa kanuni ikiyategemea maneno hayo mapya, na kwa kanuni hiyo hata mauzo ya bunduki moja yangeweza, kutegemea mazingira yake, kumfanya mtu ahesabiwe kuwa mfanyabiashara asiye na leseni. Texas ilikwenda mahakamani, na mwezi Mei jaji wa serikali kuu akaizuia kanuni hiyo isitumike jimboni. Cornyn mwenyewe alikuja juu, akasema sheria yake imepotoshwa, akashirikiana na Tillis kutaka Kongamano, yaani Bunge la Marekani, liifute kanuni hiyo. Mzee wa miaka 70 aliyekusanya bunduki maisha yake yote na anataka kuuza tatu apate fedha za matibabu angemjibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hatuoni namna ya kumkosoa. Mtunga sheria aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Texas na kisha mwanasheria mkuu wa jimbo anajua fika kwamba neno likishafutwa kwenye sheria, wa kulitafsiri pengo lake ni mwingine.

Hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu la swali lako la pili. Sisi tuliokulia Kenya tunaijua silaha kama kitu cha ruhusa: unaomba cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya leseni inaweza kukunyima au kukunyang’anya. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka wenye leseni wote wajitokeze kuhakikiwa upya, na mjadala ulihusu zaidi namna ya kuhakikiwa kuliko kama serikali ina mamlaka hayo. Mmarekani anasimama kwenye Marekebisho ya Pili ya Katiba yake, ya mwaka 1791, ambayo Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba yanalinda haki ya mtu mmoja mmoja ya kuwa na silaha. Sheria ya 1986 inaikataza serikali kuu hata kuweka rejista ya jumla ya wenye bunduki. Mtu aliyelelewa katika fikra hizo akisikia seneta wake amekubali siku kumi kwa vijana, hasikii siku kumi. Anasikia mlango uliokuwa umefungwa kwa karibu miaka 30 ukifunguliwa na mlinzi wake mwenyewe, maana tangu sheria za 1993 na 1994 Kongamano lilikuwa halijapitisha sheria nzito ya kudhibiti silaha. Tunaamini Cornyn angezomewa kidogo kama angewaambia waziwazi kwamba baada ya Uvalde ameona bora kijana wa miaka 18 asubiri, na kwamba yuko tayari kulipia uamuzi huo. Alichagua kuwaambia kwamba hakuna kilichobadilika, na waliomsikiliza wanajua kusoma.

SWALI: Ninaishi Dallas kwa kadi ya kijani, na bado sijawa raia. Rafiki zangu wanasema kwa sheria hii mpya mimi siwezi kununua silaha. Nishauri, tafadhali.

JIBU: Rafiki zako wamechanganya mambo. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua na kumiliki silaha, ilimradi hana kizuizi kingine. Fomu itakuuliza namba yako ya uhamiaji na uthibitisho wa makazi. Wanaozuiwa ni waliomo nchini bila kibali, na kwa kawaida pia wenye viza za muda kama za masomo, kazi au utalii, ingawa kwa hawa wa viza kuna misamaha michache, ukiwemo wa mwenye leseni halali ya kuwinda. Vizuizi hivyo ni vya zamani kuliko sheria ya 2022, kwa hiyo hapa Cornyn hana lawama. Usimwachie mtu mwingine akujazie fomu, na usidanganye popote, hata kwenye swali la bangi: sheria ya serikali kuu inamzuia mtumiaji wa bangi kuwa na silaha hata katika jimbo linaloiruhusu. Kwa asiye raia, uongo kwenye fomu hiyo unaweza kuleta kesi ya jinai na ya uhamiaji kwa pamoja.

SWALI: Hapa Nairobi tumezoea wapiga kura kukasirika leo na kusahau kufikia uchaguzi. Je, hasira ya hao wenye bunduki ina uzito wowote kwenye sanduku la kura?

JIBU: Inao, na mahali pa kuupima ni kura za mchujo ndani ya chama, ambako hujitokeza wachache, na wachache hao ndio wenye msimamo mkali. Cornyn alikuwa amechaguliwa upya mwaka 2020 kwa kipindi cha miaka sita, kwa hiyo alipopiga kura ile ya 2022 alikuwa na miaka minne ya kupumua. Mwezi Aprili 2025 mwanasheria mkuu wa Texas, Ken Paxton, alitangaza kwamba atamkabili kwenye mchujo, na wanaompinga Cornyn hawakuwa wameisahau sheria ya bunduki.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Tony Gonzales, mwakilishi ambaye wakati huo mji wa Uvalde ulikuwa katika eneo lake, naye pia ni Mrepublican aliyeiunga mkono sheria ile. Mwezi Machi 2023 uongozi wa chama jimboni ulimpa karipio rasmi, na kura hiyo ikiwa miongoni mwa makosa aliyohesabiwa. Mwaka uliofuata alipata mpinzani, Brandon Herrera, kijana maarufu kwa video zake za bunduki kwenye intaneti. Gonzales alishindwa kupata nusu ya kura katika mzunguko wa kwanza, wakarudiana tarehe 28 Mei 2024. Katika eneo lenye wakaazi zaidi ya laki saba walipiga kura takriban watu 30,000, na mbunge aliyekuwa na kiti, fedha na uungwaji mkono wa viongozi wa bunge alimshinda mtu wa video za bunduki kwa kura zisizofika 500.