Friji halipoi: nitengeneze au ninunue lingine?

SWALI: Shikamoo dada, friji langu lina miaka kama tisa, likaacha kupoa, fundi akasema gesi imeisha akajaza, likapoa kidogo halafu hali ileile, sasa anadai kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa na anataka laki mbili na nusu. Nimpe? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usimpe kwanza. Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia, inazunguka humo humo kwenye mabomba, ikipungua ujue inavuja, sasa yeye kajaza bila kutafuta panapovuja, si kakulia hela tu huyo? Shika kompresa kule nyuma, ikiwa inatetemeka na ina joto basi huenda haijafa. Panapovuja pakiwa kwenye maungio ya nje panachomelewa, kazi ndogo, ila kibandiko cha friji kikisema R600a hiyo gesi inashika moto, asichomelee kabla hajaitoa yote. Bomba likiwa limetobokea ndani ya ukuta wa friji, achana nalo, kanunue lingine. Ukienda Kariakoo kuchukua la mtumba waambie waliwashe ukae uone linagandisha, na ununue na gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukipanda na kushuka, umeme wetu huu unaujua mwenyewe.