Usisome homoni moja peke yake

Unayeanza kazi ya wodi au maabara hapa Nairobi, shika hili mapema: homoni ya tezi husomwa pamoja na ile ya pituitari inayoiamrisha. T4, homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni), ikishuka na TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha thairoidi, ikipanda, kasoro iko kwenye thairoidi yenyewe, na pituitari inahangaika kuichochea. T4 ikiwa chini lakini TSH "iko sawa", usiipitishe. Ilipaswa kuwa juu. Hapo shuku ugonjwa wa pituitari au wa haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoiongoza pituitari.

Pituitari ina takriban nusu gramu, imening'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba. Sehemu ya mbele hutengeneza TSH, ACTH (inayoamrisha adrenali, tezi zilizo juu ya figo), FSH na LH (za uzazi), prolaktini (ya maziwa) na homoni ya ukuaji. Ya nyuma huhifadhi tu ADH (ya kubakiza maji mwilini) na oksitosini zinazotengenezwa na haipothalamasi. Uvimbe ukibana kikonyo, nyingine za mbele hushuka ila prolaktini hupanda, maana haipothalamasi huizuia kwa dopamini, na sasa dopamini haifiki. Metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika, huipandisha pia. Basi uliza dawa kabla ya kuomba picha ya kichwa.

Kotisoli, homoni ya adrenali, ndiyo hupotosha wengi. Hufika kilele asubuhi, kwa hiyo damu itolewe kati ya saa mbili na saa tatu. Mgonjwa wa Rongai akikwama kwenye foleni akafika saa sita, kotisoli ya chini haithibitishi kitu. Andika saa damu ilipotoka mkononi, si saa sampuli iliposajiliwa.

ACTH huvunjika upesi. Tumia chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, iliyopozwa tangu mwanzo. Iweke kwenye barafu, izungushwe kwenye mashine baridi bila kukawia, plazma igandishwe. Ikisahaulika mezani, jibu litashuka kwa uongo, nawe utailaumu pituitari isiyo na hatia.

Kotisoli na ACTH zote zikiwa chini, uliza kwa upole, faraghani, kuhusu krimu za kujichubua na vidonge au sindano za steroidi. Klobetasoli, steroidi kali iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo, ikipakwa mwilini kwa miezi huingia kwenye damu na kunyamazisha mfumo mzima. Usimwambie aache ghafla. Adrenali zilizolala haziamki kwa siku moja.

Mjue pia mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua: maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, anahisi baridi na uchovu. Huenda pituitari yake, iliyokuwa imevimba kwa ujauzito, ilikosa damu ikafa. Ukiona T4 yake iko chini, usikimbilie levothairoksini, yaani T4 ya dawa. Dawa hiyo huharakisha mwili kuitumia na kuiondoa kotisoli kidogo aliyonayo, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Pima kotisoli kwanza. Ikiwa haitoshi, tangulia na haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa. Baadaye, fuatilia dozi ya thairoidi kwa T4 huru (isiyoshikwa na protini za damu) baada ya wiki 6 hivi. TSH yake haitakuambia lolote.