Jibu kwa aliyeuliza parseli ya Buhene

Ndugu umeuliza kama uchukue hiyo parseli (kiwanja) ya Buhene, kaskazini ya Goma, juu bei yake iko chini sana, na wengi hapa wamekujibu "acha, kimbilia Kyeshero, kule lava haifiki". Miye mutoto wa Goma, Kongo, nilikimbia lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, 2002 nikiwa mdogo, nikakimbia tena 2021 na watoto wangu, acha niongeze kidogo.

Hatari ya Buhene ni kweli. Ile lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama mule mule, karibu na uwanja wa ndege, na barabara ya Rutshuru ikakatika, sasa ukijua hiyo unaelewa bei imeshukia nini. Lakini msifikiri Nyiragongo inamwaga toka kileleni tu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, nyufa zikashuka mpaka Munigi huku, lava ikapita katikati ya mji, ikala sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Kwa hiyo habari ya "kilomita ngapi toka mlimani" peke yake haikusaidii kitu.

Sasa hiyo Kyeshero mnayoisifu. Upande wa magharibi ya mji, kuanzia Himbi, Kyeshero, kuendelea Mugunga na Bulengo, kule tuko na mazuku. Ni gesi ya kaboni inatoka ardhini, haina rangi, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa inalala kwenye mabonde na mashimo, mbaya zaidi asubuhi upepo haujaamka. Kwa baba mdogo wangu kule Mugunga kuna kibonde nyuma ya jikoni, asubuhi unakuta mijusi na panya wamekauka, siku moja mbuzi akashuka kula majani akabaki hapo, na mtu aliyesimama pembeni hakusikia chochote kwa sababu kichwa chake kilikuwa juu ya gesi. Waliishia kuzungushia miiba. Mtoto akianguka mule usishuke mbio kumutoa, wa pili naye anaanguka palepale, watu wamekufa hivyo. Kwa hiyo parseli ya bondeni enda uione asubuhi mapema, na uliza majirani, komisioneri (dalali) hatakuambia.

Kitu kingine watu hawaulizi: utatokea wapi? Lava ikitoka kaskazini barabara ya Rutshuru hauna tena, inabaki njia ya Sake magharibi, Gisenyi ng'ambo ya Rwanda, ao boti ya Bukavu. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya lava, gavana alitoa amri asubuhi karibu nusu ya mji uhame, juu matetemeko yalikuwa yanaonyesha moto uko chini ya mji na chini ya ziwa, na Kivu imejaa gesi, ikilipuka ni balaa. Wote tukajazana njia ya Sake, magari, pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma) zimebeba magodoro, watoto wanapotea mikononi mwa wazazi, na kule Sake maji ya kunywa ni shida tupu. Toka hapo kwetu kila mtu anajua nyumba gani tutakutana, na wadogo wanaimba namba ya simu ya mama yao kama wimbo wa shule. Makaratasi yako kwenye mfuko mmoja wa plastiki pamoja na faranga kidogo za Kongo na za Rwanda, bidoni za maji hazilali tupu.

Rangi za tahadhari za OVG, ofisi inayochunguza volkano hapa Goma (kijani, njano, machungwa, nyekundu), zifuate, ila tumekaa njano miaka mpaka watu hawaiangalii tena. Na ukishatoka usirudie vitu. 2002 watu walirudi kuchota mafuta kwenye stesheni karibu na lava, ikalipuka nao.

Kama bado unaitaka hiyo ya Buhene, jenga mbao, si matofali, siku moja utaifungua upakie uhame. Pesa ya matofali bora ikae. Tuma jina la avenyu tu, hapa kuna wenye kuishi kule, watakuambia lava ilipita wapi na wapi.