Nyaraka za kampuni zisikae kwenye simu ya karani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni ya kugomboa mizigo hapa Dar es Salaam. Tuko watu ishirini na kitu, wengi mjini na wachache Tunduma. Kazi zetu zote zinapita kwenye magrupu ya WhatsApp, na kontena tunazifuatilia kwenye jedwali moja la Google. Mwezi uliopita karani wetu mzoefu alipata kazi kwingine. Alipoondoka ndipo tukajua kuwa B/L (hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli) na risiti za baadhi ya wateja zilikuwa kwenye simu yake peke yake, na lile jedwali liko kwenye Gmail yake binafsi. Kontena moja likachelewa mpaka tukalipa demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena. Sasa mkurugenzi anataka Microsoft Teams kwa sababu aliiona benki. Kijana wetu wa kompyuta anataka Slack, anasema ni ya bure. Mhasibu anasema WhatsApp inatosha. Tuchukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, mpigie huyo karani leo. Msalimie vizuri, muulize kazi mpya inakwendaje, kisha mwombe akuruhusu kutengeneza nakala ya lile jedwali kwenye akaunti ambayo nywila yake iko ofisini. Siku atakayoamua kusafisha Gmail yake hutakuwa na pa kulipata tena.

Sasa tuje kwenye ubishi wenu. Wenzako watatu wanagombania programu ya kuchati, lakini kilichowaumiza si kuchati. Mmeumizwa na nyaraka za kampuni kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mimi nilianzia kazi masijala, enzi za majalada ya karatasi. Jalada likitoka kabatini linaandikwa kwenye daftari limekwenda kwa nani na tarehe gani, na ofisa akihamishwa mkoa anaondoka yeye, jalada linabaki. Programu yoyote mtakayoonyeshwa, anza kwa kuuliza hilo: mtu akiondoka, nini kinabaki?

WhatsApp inafeli hapo, mhasibu anisamehe. Tangu 2016 ujumbe wake umefungwa kiasi kwamba wanaoweza kuusoma ni walio kwenye mazungumzo tu. Kwa mambo ya familia hilo ni jema. Kwa kampuni maana yake ni kwamba hakuna kabati la ofisi, kila kitu kiko kwenye simu za watu.

Slack ni programu nzuri, na kijana wenu hakukosea kuipenda. Ila hiyo ya bure, tangu 2022, inakuonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na tangu 2024 inafuta kabisa vilivyozidi mwaka mmoja. Nyinyi ni watu wa forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa ofisa haki ya kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka mitano. Akija mwaka wa tatu, mtamwonyesha nini?

Teams huja pamoja na Microsoft 365: barua pepe, Excel na nafasi ya kuhifadhi mafaili. Inafaa, na kama mngekuwa mnashinda kwenye Excel kutwa ningemuunga mkono mkurugenzi. Lakini kwenye kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo Teams ni nzito, na kwa barua yako, watu wako tayari wamezoea jedwali la Google. Mimi ningechukua Google Workspace, yaani huduma ya Google ya kulipia kwa ajili ya ofisi (barua pepe, majedwali na Drive, kabati lake la mafaili), ya ngazi ya chini, kwa domeni yenu wenyewe, yaani anwani yenu ya mtandaoni, ya .co.tz. Hakikisheni domeni hiyo imesajiliwa kwa jina la kampuni, si la kijana wa kompyuta, hata awe mwaminifu namna gani. Karani akiondoka, msimamizi anafunga akaunti yake na kuhamishia mafaili yake kwa anayempokea. Ni kazi ya dakika chache.

Gharama ni dola kadhaa kwa mtu kwa mwezi, na bei hupanda, kwa hiyo iangalieni siku ya kununua. Mwambieni mhasibu ailinganishe na ile demareji. Tena si lazima kila mtu apewe akaunti. Madereva na vijana wa getini waacheni kwenye WhatsApp, maana huko ndiko wanakopatikana. Ila grupu lianzishwe na laini ya kampuni, na picha ya hati ikitumwa humo iingizwe kwenye folda ya kontena husika siku hiyohiyo. Mteueni mtu mmoja awe na kazi hiyo, kwa jina.

Msilipie mwaka mzima kwa kuonyeshwa slaidi. Kuna muda wa kujaribu bure. Chukueni kontena moja la kweli, mlipeleke kwenye mfumo mpya tangu B/L inapofika mpaka gari linapotoka getini, na aliyeko Tunduma afungue kila hati kwa simu yake na bando lake la kawaida. Pia zimeni intaneti makusudi asubuhi moja. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, ofisi nyingi za hapa zilikaa bila kazi. Mafaili ya wiki hiyo yawe na nakala ndani ya kompyuta, Drive inaruhusu.

Jaribuni pia kuuhama mfumo huo. Mwambieni kijana atoe kila kitu kilichomo kwenye mfumo na kukiweka kwenye diski mbele yenu. Meta, wenye Facebook na WhatsApp, walikuwa na Workplace, programu ya mawasiliano ya kazini iliyotumiwa na makampuni makubwa duniani. Mei 2024 wakatangaza kuifunga, na wateja wakapewa mpaka mwisho wa Agosti 2025 kuitumia. Skype nayo ilizimwa Mei 2025. Ukubwa wa jina si dhamana.

Kuna na sheria. Mnashika TIN na nakala za pasipoti za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Jisajilini kwenye Tume yake kama bado, na mwulizeni mwanasheria wenu kuhusu taarifa kuhifadhiwa nje ya nchi, kwa sababu Google na Microsoft wote huhifadhi nje.

Siku ya kufungua akaunti, wekeni wasimamizi wawili, kijana wa kompyuta na wewe. Namba ya kupokea msimbo wa kuingilia iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, na laini hiyo ikae kwa mkurugenzi.